Wadudu Ndani ya Wadudu: Kumbikumbi wa Kibera na Deni la Kiswahili

Mvua za masika zinapoanza kunyesha Magharibi mwa Kenya, haupiti muda mrefu kabla dalili zake hazijaonekana jijini Nairobi. Magunia yaliyopakiwa kwenye mabasi ya usiku kutoka Vihiga, Kakamega, Busia na Siaya huteremshwa alfajiri, na ifikapo jioni kumbikumbi waliokaangwa huwa wamekwisha kurundikwa kwenye sinia na nyungo kandokando ya reli ipitayo Kibera, na katika vijia vya soko la Kawangware. Muuzaji huwapima kwa kikombe, huwatia katika kipande cha gazeti kilichosokotwa, kisha humkabidhi mnunuzi ambaye huanza kuwatafuna kabla hajafika kwake.

Katika biashara kama hiyo, swali moja halikosi. Mnunuzi huinama, huitazama sinia kwa shaka na kuuliza: "Mama, hizi hazina wadudu?" Jibu nalo huwa jepesi, na kila aliye karibu hucheka: "Wadudu si ndio hao unanunua!"

Utani huu unachekesha kwa sababu umejengwa juu ya neno moja lenye maana mbili. Hata hivyo, baada ya kicheko kwisha, swali la mnunuzi huwa bado halijajibiwa. Alitaka kujua kama chakula kile kitamdhuru, yeye na watoto wake. Muuzaji hakumdanganya, alimjibu kwa lugha aliyo nayo. Kwa hiyo, suala la usalama wa wadudu wanaoliwa si la wanasayansi wa maabara peke yao. Ni suala la Kiswahili pia, na wanafunzi wa Kiswahili hawana budi kulitazama kama lao.

Neno mdudu, katika matumizi ya kila siku, hurejelea viumbe wa aina mbili. Kwanza, ni kiumbe mdogo anayeonekana, mwenye miguu na pengine mabawa, kama vile panzi, nyenje au mchwa. Pili, ni kiumbe asiyeonekana kwa macho ambaye husababisha maradhi. Mgonjwa atokaye zahanati husema ameambiwa ana wadudu tumboni. Mzazi humwamuru mtoto anawe mikono kwa kuwa ina wadudu. Ugonjwa wa UKIMWI ulipoenea, wako waliosema "mdudu" wakikusudia virusi. Wanaisimu huiita hali hii polisemia, na mara nyingi haina madhara, kwani muktadha hutosha kumwongoza msikilizaji. Mtu aambiwaye kwamba ana wadudu tumboni hadhani kuwa amemeza panzi.

Tatizo huzuka pale maana zote mbili zinapokutana kwenye sinia moja. Sentensi "wadudu hawa wana wadudu" ni sahihi kisarufi na kisayansi, lakini humwacha msikilizaji wa kawaida njia panda. Mmoja huisikia akahitimisha kwamba kumbikumbi wote ni uchafu na wanaowala ni watu wasiostaarabika. Mwingine huisikia akacheka na kuendelea kula bila hadhari yoyote. Wote wawili wamepotoka, na upotovu wao una chanzo kimoja: hawakupewa neno la kutenganisha chakula na kile kinachoweza kukiharibu.

Ni vyema kwanza kumtetea kumbikumbi mwenyewe. Waluo humwita ngwen. Miongoni mwa Waluhya huitwa chiswa au tsiswa, kutegemea lahaja. Yeye si chakula cha njaa tu. Ni kitoweo kinachongojewa kwa hamu, ambacho hunaswa usiku kwa taa iliyowekwa juu ya beseni la maji, au kwa kufunika kichuguu na kupiga ngoma ili mchwa watoke wakidhani mvua imenyesha. Uchunguzi wa John Kinyuru na wenzake kuhusu kumbikumbi wanaoliwa Magharibi mwa Kenya, uliochapishwa mwaka 2013, ulionyesha kwamba thuluthi moja au zaidi ya uzito wao mkavu ni protini, na karibu nusu ni mafuta. Kwa familia ya Kibera ambayo nyama ni ndoto ya mwisho wa mwezi, kikombe kimoja cha kumbikumbi si jambo la kupuuzwa. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa nalo, katika ripoti yake ya mwaka 2013, liliuhimiza ulimwengu kuwatazama wadudu kama chakula cha siku zijazo. Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki, siku hizo zilikwisha kupita na bado zinaendelea.

Pamoja na utetezi huo, ukweli wa upande wa pili haufai kufichwa. Kumbikumbi huliwa mzima, pamoja na utumbo wake, na utumbo huo umejaa bakteria. Ng'ombe au kuku hupasuliwa na matumbo yake huondolewa kabla ya kupikwa, kumbikumbi hapasuliwi. Tena yeye hutoka udongoni, na udongo ni makao ya bakteria wanaojigeuza kuwa mbegu ngumu ziitwazo spora. Moto huua bakteria walio wengi, lakini spora huweza kustahimili joto la maji yanayochemka, zikalala zikingoja unyevu na uvuguvugu ili ziamke.

Mwaka 2012 H. C. Klunder na wenzake walichapisha utafiti kuhusu uhifadhi wa wadudu wanaoliwa, wakiwemo nyenje. Walibaini kwamba kuchemsha kwa dakika chache huwaangamiza bakteria wa jamii ya wale waishio utumboni, lakini spora husalia. Vilevile walibaini kwamba kuchoma bila kuchemsha hakutoshi. Hili ni jambo ambalo mpishi wa Kibera angeweza kulitekeleza siku hiyo hiyo kwa sufuria aliyo nayo, lau angeambiwa.

Kenya yenyewe imewahi kulipa gharama ya kutojua. Mwaka 1980 jarida la tiba la Uingereza, British Medical Journal, lilichapisha taarifa ya madaktari kuhusu mkurupuko wa botulizimu nchini Kenya uliowapata watu waliokula kumbikumbi. Bakteria asababishaye ugonjwa huo hustawi pasipo hewa. Chakula chenye unyevu kikifungwa kabisa katika mfuko wa plastiki na kuachwa katika joto kwa siku kadhaa, humwandalia kila anachokihitaji. Sumu anayoitoa hulegeza misuli, na hatimaye huweza kuzuia pumzi. Kumbikumbi hakuwa mkosaji katika hilo. Kosa lilikuwa katika namna alivyohifadhiwa.

Hapa ndipo hoja ya wazee inapohitaji kujibiwa kwa heshima. Husemwa: "Tumewala tangu enzi za mababu na hatukufa." Kauli hiyo ina ukweli mwingi. Mababu waliwanasa usiku, wakawakaanga usiku huo huo katika mafuta yao wenyewe, wakatia chumvi, na waliobaki wakawaanika juani hadi wakakauka kau. Moto, chumvi na jua vilikuwa elimu kamili ya usalama wa chakula, ingawa havikuandikwa popote. Lakini elimu hiyo ilitungwa kwa safari fupi ya kutoka kichuguuni hadi jikoni. Safari ya leo ni ya mamia ya kilomita. Kumbikumbi hunaswa na mtu mmoja, hukusanywa na mwingine, hufungwa na wa tatu, husafirishwa na wa nne, na huuzwa na wa tano ambaye hajui walikaangwa lini. Mila ni ile ile, ila masafa yamebadilika.

Isitoshe, hatari haikomi pale moto unapozimwa. Pengine huanzia hapo. Katika vijiji vya Kibera, kama vile Gatwekera, Lindi na Laini Saba, maji hununuliwa kwa mtungi, na mara nyingi mabomba ya plastiki yanayoyaleta hupita kandokando ya mitaro ya majitaka. Maji hayo ndiyo yanayoosha sinia, kikombe na mikono. Mkono uliopokea noti ndio unaochota kumbikumbi. Vumbi la njia hutua juu ya sinia iliyo wazi, na nzi atokaye mtaroni hutua juu ya vumbi hilo. Kwa njia hiyo bakteria waliokwisha kuuawa na moto hurejeshwa na mkono. Baya zaidi, baadhi ya bakteria waishio katika ngozi, pua na vidonda vya binadamu, hasa stafilokoka, huacha ndani ya chakula chenye unyevu sumu isiyovunjwa na moto wa jikoni. Mnunuzi anayedhani kwamba kuwakaanga upya kutamwokoa anaweza kumuua bakteria akaila sumu yake. Na pale ambapo kukausha hakukukamilika, kuvu huota, nayo huweza kuleta sumukuvu.

Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliowafuatilia senene wa Mkoa wa Kagera, nchini Tanzania, tangu kunaswa kwao porini hadi kufika mezani. Namna utafiti huo ulivyopangwa ni funzo tosha. Usalama haukai katika hatua moja. Unapita mikono yote, na mkono mmoja ukilegea, kazi ya mingine imepotea. Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende. Mwiba unaozungumzwa hapa hauonekani hata kwa macho, na kwa hiyo ni rahisi zaidi kuudharau.

Wapo watakaosema kwamba, kwa kuwa mambo ni hayo, dawa ni kupiga marufuku uuzaji wa kumbikumbi mitaani. Hoja hiyo yafaa kupimwa kwa mizani ile ile inayotumiwa kwa vyakula vingine. Mwaka 2004 sumukuvu aina ya aflatoksini ndani ya mahindi iliwaua watu 125 katika mkurupuko ulioikumba hasa Makueni, Kitui na maeneo jirani. Je, kuna aliyesema Wakenya waache ugali? La hasha. Ilisemwa kwamba mahindi yakaushwe vyema, yahifadhiwe mahali pakavu, na yaliyoota kuvu yasiliwe. Mahindi yalipoua, lawama ziliangukia uhifadhi; kumbikumbi anapodhuru, lawama humwangukia yeye na wale wanaomla. Tofauti hiyo haitokani na sayansi. Inatokana na dharau kwa chakula cha wanyonge, dharau inayovaa joho la usafi. Suala la halali na haramu lina wenyewe, na kila dini ina haki ya kuwaongoza waumini wake. Lakini kitu kuwa najisi ni jambo moja, na kuwa na bakteria ni jambo jingine. Kiswahili kinazo njia za kutofautisha hayo mawili, na hakipaswi kuruhusu lile la kwanza litumiwe kulificha la pili.

Fauka ya hayo, marufuku haimfikii bakteria. Humfikia muuzaji tu. Humwondoa kando ya reli penye mwanga na kumpeleka uchochoroni, ambako atauza usiku, kwa haraka na kwa kificho, pasipo maji wala mkaguzi. Mama huyo hulisha familia kwa sinia hiyo. Kumnyang'anya sinia pasipo kumpa maarifa ni kumwadhibu kwa kosa la wale waliokuwa na maarifa wakakaa nayo.

Maarifa, kwa kweli, yapo tele. Kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, icipe, kilichoasisiwa na Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970, kiko Kasarani, katika jiji hili hili la Nairobi. Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta kimefanya utafiti kuhusu kumbikumbi kwa miaka mingi. Chuo Kikuu cha Jaramogi Oginga Odinga kilichoko Bondo kina kituo cha umahiri kuhusu wadudu kama chakula na lishe ya mifugo. Shirika la Viwango la Kenya nalo, mwaka 2020, lilitoa viwango kuhusu wadudu wa chakula. Viwango hivyo vimeandikwa kwa Kiingereza. Tasnifu na makala za majarida pia ni za Kiingereza. Mtu mmoja anayepaswa kuyajua hayo kuliko wote, yaani yule anayechota kumbikumbi kwa kikombe, ndiye asiyeandikiwa chochote.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi katika Kifungu cha 7, na katika Kifungu cha 43 inampa kila mtu haki ya chakula cha kutosha chenye ubora unaokubalika. Vifungu hivi viwili husomwa mbali mbali, kana kwamba havijuani. Katika sinia ya Kibera vimeshikana. Haki ya chakula salama haina maana kwa mtu ambaye maelezo ya usalama huo yamefungiwa katika lugha asiyoimudu.

Ni kazi gani basi inayowangoja wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili? Ya kwanza ni ya istilahi. Wengi hukimbilia neno "vijidudu" ili kuepuka utata, lakini kwa msikilizaji wa kawaida vijidudu ni wadudu wadogo tu, na utata unarudi palepale. Neno "vimelea" ni pana, kwani hujumuisha hata minyoo. "Bakteria" limekwisha kuzoeleka shuleni na redioni. "Kuvu" ni neno la siku zote jikoni. "Sumukuvu" linajieleza lenyewe. Pendekezo lifaalo kujadiliwa ni kwamba katika maandishi yote kuhusu chakula, "mdudu" litengwe kwa kiumbe anayeonekana, na wale wasioonekana waitwe kwa majina yao: bakteria, virusi, kuvu. Na mahali pa kulipima pendekezo hilo si katika ukumbi wa kongamano peke yake. Lipimwe kando ya reli. Istilahi ambayo muuzaji wa kumbikumbi hawezi kuitumia kumwelezea mwenzake bado haijakamilika, hata kama imechapishwa katika kamusi.

Kazi ya pili ni ya kutafsiri maarifa, na si maneno tu. Elimu yote iliyoelezwa hapo juu yaweza kusemwa hivi: Wachemshe kumbikumbi dakika tano kabla ya kuwakaanga. Waanike hadi wavunjike vidoleni badala ya kupindika. Wakiwa wabichi au wenye unyevu, usiwafunge katika mfuko usiopitisha hewa. Funika sinia. Chota kwa kijiko, na mkono unaoshika pesa usiguse chakula. Walioota kuvu au kunuka mafuta yaliyochacha, watupe. Hakuna sentensi hata moja kati ya hizo inayohitaji shahada ili ieleweke. Ilihitaji tu mtu wa kuiandika.

Kazi ya tatu ni ya fasihi. Kila mwaka tasnifu kadhaa huandikwa kuhusu usawiri wa wahusika katika riwaya zile zile, na si vibaya, kwani riwaya zina haki yake. Lakini ni nadra kuona tasnifu inayochunguza namna ujumbe wa afya unavyoweza kubebwa na kichekesho, na ngonjera, na mchezo wa kuigiza wa barabarani, au na redio ya mtaa kama Pamoja FM ya Kibera. Utani ulioanza makala haya ni fasihi simulizi tosha: una wahusika wawili, una fumbo na una mgeuko. Unachokosa ni mwendelezo, na mwendelezo huo ungeweza kutungwa na mwanafunzi yeyote wa mwaka wa pili. Methali nayo ipo tayari: dudu liumalo silipe kidole. Waliotunga methali hiyo walikuwa na dudu jingine akilini, lakini kidole kinachotajwa ndicho hicho kichotacho kumbikumbi baada ya kuhesabu sarafu.

Si kusudi la hoja hizi kumfanya mwanafunzi wa Kiswahili kuwa afisa wa afya. Ukaguzi ni wa serikali, maji safi ni ya serikali, na mitaro ya majitaka haitazibwa kwa istilahi. Pasipo maji safi hata kijiko kitaoshwa kwa uchafu, na wakazi wa Kibera wana haki ya kuyadai hayo kwa sauti kubwa. Lakini kila mtu na fungu lake. Fungu la Kiswahili ni kuhakikisha kwamba mtu hafi kwa kukosa neno.

Mvua zitanyesha tena, na magunia yatateremshwa tena alfajiri. Mnunuzi atainama juu ya sinia na kuuliza kama alivyozoea: "Mama, hizi hazina wadudu?" Kicheko kisikosekane, kwa maana maisha ya Kibera bila kicheko ni magumu mno. Lakini baada ya kicheko, muuzaji awe na la kuongeza: "Wadudu ndio hao, mwanangu. Bakteria hawamo: niliwachemsha, nikawakaanga, nikawafunika, na kijiko hiki hapa." Siku jibu hilo litakaposikika kando ya reli, deni la Kiswahili litakuwa limeanza kulipwa.